Demetria Ngonyani: Miaka Thelathini na Sita ya Kuandika Aliyekuwepo na Aliyetoka

Bi Demetria Ngonyani anastaafu leo, Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Kampuni ya Vyombo Imara, hapa Mtoni, kwa miaka thelathini na sita na miezi minne. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1989 akiwa mpiga chapa daraja la tatu. Anaondoka akiwa mtunza stoo msaidizi. Asiyemfahamu anaweza kudhani kwamba mama huyu hakupiga hatua. Tunaandika ili kuiondoa dhana hiyo.

Utawala ulituomba nusu ukurasa na picha moja, ukatupendekezea na maneno ya kutumia: mchapakazi, mcheshi, mnyenyekevu. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yametumika kwa kila mtu aliyewahi kustaafu hapa, wakiwemo wale ambao kuondoka kwao tulikusherehekea kimyakimya. Kwa hiyo tawi la chama cha wafanyakazi limezichapisha kurasa hizi kwa fedha yake lenyewe, kwenye duka la kutoa kopi ng'ambo ya barabara. Aliyelipia karatasi ndiye anayechagua maneno.

Bi Demetria, ambaye huku kiwandani tunamwita Mama Isack, alizaliwa Mbinga mwaka 1965. Alisomea uhazili, akaja Dar es Salaam, akapanga chumba Mwananyamala, na kwa miaka mingi alivuka jiji zima kila alfajiri kuja kazini bila kuchelewa. Wakati huo kiwanda kilikuwa mali ya umma. Kilitengeneza sufuria, mabeseni na ndoo, na kila nyumba ya nchi hii ilikuwa na kitu chetu jikoni. Kilipobinafsishwa mwaka 1997, wafanyakazi tulipewa hisa kumi na nane katika kila mia. Wengi waliziuza hisa zao mwezi huohuo wakanunua baiskeli. Bi Demetria alizitunza zake kwenye bahasha, ndani ya Biblia.

Mwaka 1994 alipandishwa kuwa mwandishi wa vikao vya bodi ya wakurugenzi, na huko ndiko alikojenga desturi yake. Aliandika kwa mkono kwanza, katika daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba, ndipo akachapa. Pembeni ya kila ukurasa alichora mstari, na nje ya mstari huo aliandika saa: nani ameingia, nani ametoka, nani amerudi. Mjumbe akienda msalani, iliandikwa. Akitoka kupokea simu, iliandikwa. Mwaka 1998 mwenyekiti wa wakati huo alijisomea kwamba kuanzia saa nane na dakika kumi hadi saa nane na thelathini na tano alikuwa "amefumba macho". Mzee yule alicheka hadi akavua miwani. Akasema, "Huyu mama asiondolewe hapa mpaka nife." Alikufa mwaka 2011, na ahadi yake iliheshimiwa miaka kumi na mitatu zaidi, jambo ambalo katika kampuni za leo ni rekodi.

Mafanikio yake ni mengi. Alipata zawadi ya mfanyakazi hodari siku ya Mei Mosi ya 2006. Akapewa friji ambalo mlango wake haukufunga, akaandika barua ya kushukuru na, katika aya ya pili, ya kudai mlango. Aliletewa mlango. Amewafunza kazi waandishi saba, na watatu kati yao sasa ni mameneja utumishi kwingine. Lakini kuna jambo moja ambalo halikuwahi kupewa zawadi, nasi tunaliona kubwa kuliko yote.

Kila mwaka kampuni hutoa ripoti yake kwa Kiingereza, kitabu kinene chenye picha za watu wanaotabasamu wakiwa wamevaa kofia ngumu. Mbele kuna maneno matamu juu ya familia ya Vyombo Imara. Malipo ya wakurugenzi yapo kule nyuma, kwa herufi za kumfaa sisimizi. Mwaka 2003 Bi Demetria aliomba ruhusa ya kuutafsiri ukurasa huo mmoja tu kila mwaka, akapewa. Aliuchapa kwa Kiswahili chepesi, kwa herufi kubwa, akaubandika kwenye ubao karibu na kantini: mkurugenzi mtendaji analipwa hivi, posho ya nyumba hivi, gari hivi, ada za watoto hivi. Mwaka wa kwanza watu walisimama pale na sahani za wali mkononi, wakasoma, wakaenda kukaa. Mwaka wa pili walianza kuuliza maswali. Hivyo ndivyo sisi wapiga mabamba ya alumini tulivyojifunza somo ambalo wasomi hulipa ada kubwa kulisikia: malipo ya mkubwa wa kampuni hayashuki kama mvua. Kuna mtu aliyeyapendekeza, kuna mtu aliyeyaunga mkono, na kuna siku na saa yalipopitishwa.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba tuna wivu, na kwamba soko ndilo linaloamua. Soko tunalijua, tunaishi nalo mlango wa pili. Katika soko la Mtoni muuza nyanya hapangi bei halafu akavuka meza, akavaa kofia nyingine, akawa mnunuzi, akajipongeza kwa kununua vizuri. Tutaambiwa pia kwamba mshauri wa nje alikuja, akalinganisha. Ndiyo, alikuja mwaka jana. Alimlinganisha mkurugenzi wa kiwanda cha sufuria chenye wafanyakazi mia mbili na kumi na wakurugenzi wa mabenki na viwanda vya saruji. Ukimpanga sungura na tembo, lazima utaambiwa sungura amekonda, aongezwe chakula.

Sasa tuyasimulie ya Novemba, maana ndiyo yaliyomfikisha stoo.

Mkurugenzi wetu mtendaji, Bwana Brightson, alikuja mwaka 2019. Tuseme haki: alikikuta kiwanda kikikohoa, akaleta mashine mpya, akalipa madeni ya alumini. Mwaka jana mkataba wake ulikuwa unakaribia mwisho, na mpya uliandaliwa. Ulikuwa na nyongeza ya mshahara. Ulikuwa pia na kifungu kipya: akiondoka kwa sababu yoyote ile, hata kwa kufukuzwa, alipwe mshahara wa miezi thelathini na sita. Mwaka huohuo nyongeza ya wafanyakazi ilisimamishwa hadi hali iruhusu.

Sheria haikatazi mkurugenzi kulipwa vizuri. Inataka mambo yafanyike mchana. Katiba ya kampuni yetu inasema kikao cha bodi kinahitaji akidi ya wajumbe sita kati ya tisa. Inasema mwenye maslahi katika jambo atangaze, asipige kura, wala asihesabiwe katika akidi ya jambo hilo. Na malipo ya kumuaga mkurugenzi sharti yawekwe wazi mbele ya wanahisa, nao wayaridhie. Hakuna kifungu hapo kinachohitaji shahada ili kieleweke.

Kikao kilifanyika Ijumaa, tarehe 15 Novemba 2024. Walikuja wajumbe wanane. Wote walisaini karatasi ya mahudhurio asubuhi, maana bila saini hakuna posho ya kikao, na katika jambo hilo bodi yetu haijawahi kukosea. Siku za Ijumaa ni desturi kikao kusimama saa sita na nusu ili Waislamu waende msikitini. Siku hiyo Mwenyekiti, Bwana Leodegar, alisema wanaokwenda waende kwa amani, waliobaki watamalizia mengineyo, vitu vidogovidogo tu. Wakatoka watatu: Mzee Mudathir, mwalimu mstaafu anayewakilisha wanahisa wadogo, Bwana Jabiri, mfanyabiashara, na Bwana Nassibu, aliyekuwa msimamizi wetu wa karakana. Mkataba wa mkurugenzi ulikuwa ndani ya mengineyo. Ulipitishwa kabla hodhi la udhu halijakauka. Waliporudi walikuta pilau mezani na kikao kimefungwa. Wakala, wakapokea posho, wakaenda zao.

Kosa lao waliobaki lilikuwa la watu waliozoea posho. Walitazama karatasi ya mahudhurio, wakaona saini nane, wakajiona wametimia. Hawakukumbuka kwamba karatasi ile inaonyesha nani alipwe, haionyeshi nani yupo. Chumbani walikuwa watano, na mmoja wao ni Bwana Brightson mwenyewe, ambaye hahesabiki. Walibaki wanne. Nje ya mstari, kwenye daftari gumu, saa zilikuwa zimeandikwa.

Jumatatu yake Mwenyekiti alimwita Bi Demetria. Haya hatukuyapata kwake kwa kunong'onezwa. Siri za bodi za miaka thelathini hazijawahi kumtoka mdomoni. Aliyasema mwezi Mei mbele ya mkutano mkuu, alipoulizwa waziwazi na mwanahisa, na Mwenyekiti alikuwepo wala hakuyakana. Mwenyekiti alimwambia kwamba kumbukumbu huandikwa kwa ajili ya maamuzi, si kwa ajili ya saa. Alimwomba aandike tu kwamba wajumbe wote waliridhia kwa kauli moja. Alizungumza kwa upole, akamwagizia na chai. Kisha akamkumbusha kwamba Juni anastaafu, na kwamba mkataba wa miaka miwili baada ya kustaafu, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuomba, bado haujasainiwa.

Wote tulijua mkataba ule una maana gani kwake. Bi Demetria anajenga Goba. Nyumba imefika kwenye lenta, na paa lilikuwa litoke ndani ya miaka miwili hiyo. Hakuwa na mahali pengine pa kulitoa. Mwanawe Isack alikuwa amepoteza kazi, na wajukuu wawili wanalala kwake, katika chumba kilekile cha kupanga.

Alimjibu hivi: "Mwenyekiti, mie nikifuta saa ya Mzee Mudathir, nimemtoa msikitini nikamleta hapa kupiga kura. Sina nguvu hizo. Labda wewe."

Januari alihamishiwa stoo. Barua ilisema ni katika kuimarisha eneo la vifaa. Kumbukumbu za Novemba alikabidhiwa mwanasheria kijana, Gladness, azisafishe, naye akazisafisha. Hatumlaumu sana, alikuwa na miezi mitatu kazini, na hakuna aliyemwambia kwamba sabuni nyingine hula nguo.

Zilizosafishwa zikapelekwa kwenye kikao cha Machi zithibitishwe. Mzee Mudathir ni mtu wa kusoma kila karatasi, hata ya kufungia vitumbua. Akafika pale palipoandikwa kwamba wajumbe wote wanane waliridhia kwa kauli moja, na jina lake limetajwa. Akainua mkono.

"Mwenyekiti," alisema, "saa hiyo mimi nilikuwa nimesujudu. Nani aliunyoosha mkono wangu?"

Mwenyekiti alijaribu kueleza kwamba ni utaratibu tu. Bwana Jabiri akasema yeye dukani kwake akisaini mtu mwingine kwa niaba yake huita polisi, haiti utaratibu. Bwana Nassibu hakubishana. Aliomba daftari gumu liletwe, na mjumbe wa bodi ana haki ya kuliona. Likaitwa daftari, akaitwa na mwenye mwandiko. Bi Demetria alikuja kutoka stoo na koti la kijivu lenye vumbi la maboksi, akaambiwa asome ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Aliusoma wote, pamoja na yaliyo nje ya mstari: saa sita na dakika ishirini na nane ametoka Mudathir, na ishirini na tisa, Jabiri na Nassibu, na thelathini na nne, mkataba umewasilishwa, na arobaini na moja, umepitishwa. Dakika saba. Kubadilishiwa balbu ya stoo huchukua wiki tatu.

Alipomaliza, Mwenyekiti alimuuliza kama ana la kuongeza. Akasema hana, ila anaomba aruhusiwe kurudi, kwa kuwa ameacha gari la mizigo likishusha.

Uamuzi ule ukatanguka palepale, na mkataba ukapelekwa kwenye mkutano mkuu wa wanahisa wa tarehe 24 Mei. Sisi wa tawi tulijiandaa kama wanaokwenda vitani. Tulizunguka nyumba kwa nyumba, kuanzia Mtoni hadi Mbagala, tukikusanya fomu za uwakilishi kutoka kwa wastaafu na wajane wenye hisa. Tulitaka kuukataa mkataba wote, mshahara na kila kitu, ili mtu ajue kwamba chungu hiki kina wenyewe.

Na hapa Bi Demetria alitufanyia jambo ambalo wengine bado hatujamsamehe vizuri. Alikaa kati yetu na bahasha yake ya hisa. Lilipopigiwa kura suala la nyongeza ya mshahara wa Bwana Brightson, alinyoosha kadi ya kukubali. Tupokigwe wa karakana, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma, alimshika bega akamuuliza kama hajakosea kadi.

"Sijakosea," alisema. "Mashine ameleta, madeni kalipa, alipwe. Mie sikuwahi kuukataa mshahara wake, nilikataa kuandikishwa uongo. Nyie mnachanganya."

Tulikasirika. Tulimwona kama mtu aliyeshika ngome kwa miezi sita kisha akafungua lango. Lakini baada ya muda tumelitafakari, na tunakiri hapa, kwa maandishi, kwamba alikuwa mbele yetu. Sisi tulikwenda kulipiza. Yeye alikwenda kuamua. Na ndiyo haki yote iliyokuwa ikigombewa: kwamba mwenye hisa moja na mwenye hisa elfu kumi wakae chumba kimoja, mchana, walione jambo lilivyo, kisha kila mmoja aseme ndiyo au hapana kwa mkono wake mwenyewe.

Nyongeza ilipita kwa kura chache. Kifungu cha miezi thelathini na sita kilianguka, na safari hiyo kadi ya Bi Demetria ilikuwa pamoja na zetu. Bwana Brightson alisimama akashukuru. Tunampa heshima yake: hakununa, na jioni ile alikwenda kumpa Bi Demetria mkono mbele ya watu.

Mwenyekiti hakwenda. Tarehe 2 Juni Bi Demetria alipokea barua ya mistari mitatu kwamba maombi yake ya mkataba baada ya kustaafu yamekosa nafasi, kwa kuwa kazi ya mwandishi wa bodi haihitajiki tena. Tarehe 9 Juni, kwenye ubao uleule wa kantini, lilibandikwa tangazo la kazi ya mwandishi wa bodi. Sifa ya nne: awe na uwezo wa kuandaa kumbukumbu kwa ufupi.

Basi tuseme wazi, tukijua watakaosoma. Huko juu mtu akifukuzwa kwa kuvuruga, walitaka alipwe miaka mitatu ya pole. Huku chini mtu akinyimwa kazi kwa kuandika ukweli, analipwa kiinua mgongo cha kisheria, hati ya pongezi, na sufuria seti moja. Hatuiombi bodi huruma. Tawi limewasilisha pingamizi dhidi ya barua ile, na Bwana Nassibu ameomba lipangwe kuwa ajenda kamili ya kikao cha Agosti, si katika mengineyo. Kama tutashindwa, tutashindwa kwa majina. Tutataka kila mjumbe atakayesema mama huyu hakustahili miaka miwili aandikwe kwamba alisema hivyo.

Alipoelezwa kuhusu pingamizi hilo, Bi Demetria hakulikataza wala hakulitegemea. Wiki iliyopita alianza kuuza vitafunwa pale anapokaa, na ameshaulizia bei ya mabati ya mkono wa pili. Alituomba tu tusimwandike kama shujaa, kwa sababu, alisema, shujaa ni mtu mnayempigia makofi ili nyie msifanye kitu. Ombi lake tumelipokea. Kwa hiyo hatukuandika kwamba ni shujaa. Tumeandika alichofanya, na kuanzia kesho karatasi ya malipo ya wakurugenzi itatafsiriwa na kubandikwa na tawi. Tupokigwe amekwishaanza kujifunza yale maneno magumu ya ripoti, na anatukana kila ukurasa.

Bi Demetria, ahsante kwa mwandiko wako. Ahsante kwa kutufundisha kwamba mkubwa haogopi kelele zetu kama anavyoogopa sentensi moja iliyo sahihi. Ahsante hata kwa ile kadi iliyotukera. Msalimie Isack, wabusu wajukuu. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na paa lisilovuja. Na maisha yako ya mbele yawe mema, mema kupita kiasi, maana bodi hii haina mamlaka ya kuyapangia kiwango.

Wafanyakazi wenzako, Tawi la Vyombo Imara, Mtoni